Kwa nini Niger ina kiwango kidogo cha ukosefu wa ajira kuliko Hispania

Kila takwimu za ajira duniani zinapotoka, mabishano huwa ni yaleyale. Mtu anachukua jedwali la nchi, analipanga kuanzia kiwango kidogo hadi kikubwa, analirusha mtandaoni, na maswali yanaanza kumiminika. Niger, moja ya nchi maskini kuliko zote, imeandikiwa chini ya asilimia 1. Kambodia vilevile. Hispania, nchi tajiri ya Ulaya, inaonyesha asilimia 11 hivi. Afrika Kusini, yenye viwanda, migodi na mabenki makubwa, inavuka asilimia 30. Hapo wasomaji hugawanyika: wapo wanaosema takwimu zimepikwa, na wapo wanaohitimisha kwamba Wahispania na Waafrika Kusini hawapendi kazi.

Pande zote mbili zimeteleza mahali pamoja. Zinadhani kiwango cha ukosefu wa ajira kinapima ugumu wa maisha, wakati kinachopimwa ni jambo finyu zaidi: ni watu wangapi wanatafuta kazi na bado hawajaipata. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya jedwali inaanza kueleweka.

Nani anaingia kwenye hesabu

Nchi nyingi hufuata viwango vya Shirika la Kazi Duniani, ILO, lenye makao yake Geneva. Ili mtu ahesabiwe kuwa hana ajira, lazima atimize masharti matatu kwa pamoja. Katika wiki ya utafiti awe hakufanya kazi ya kipato hata kwa saa moja. Awe ametafuta kazi kwa vitendo katika wiki zilizotangulia, kwa kawaida nne: ametuma maombi, amepita kuulizia, amewaomba jamaa wamtafutie. Na awe tayari kuanza kazi ikipatikana. Likikosekana sharti moja tu, hayumo.

Wenye kazi ukiwajumlisha na hao wanaotafuta unapata kundi linaloitwa nguvukazi. Kiwango cha ukosefu wa ajira ni sehemu ya nguvukazi ambayo haina kazi. Wengine wote, yaani wanafunzi, wastaafu, wagonjwa, wanaolea watoto nyumbani na waliokata tamaa, wako nje ya nguvukazi. Hawamo miongoni mwa wenye kazi, wala miongoni mwa wasio na kazi.

Tuone kwa tarakimu ndogo. Chukua watu wazima 100. Sitini wana kazi, kumi wanatafuta, thelathini wako nje. Nguvukazi ni 70, na kiwango ni kumi kwa sabini, kama asilimia 14. Sasa watano kati ya wale kumi wanachoka kuzungusha vyeti na kuacha kutafuta. Nguvukazi inabaki 65, wanaotafuta ni watano, na kiwango kinaporomoka hadi chini ya asilimia 8. Hakuna aliyeajiriwa. Waziri anaweza kusimama mbele ya kamera na kutangaza mafanikio, na asiwe amesema uongo hata neno moja.

Ni kama kuhesabu watu walio kwenye foleni ya dirisha la huduma. Foleni fupi inaweza kumaanisha huduma ni ya haraka. Inaweza pia kumaanisha watu wameona hakuna maana ya kupanga mstari, au hawawezi kusimama mchana kutwa kwa sababu wana njaa. Urefu wa foleni peke yake haukuambii ni lipi kati ya hayo.

Kuna wanaolalamika, "mbona mimi sina kazi na sijawahi kuulizwa na mtu?" Takwimu hizi kwa kawaida hazitokani na daftari la waliojiandikisha. Ofisi ya takwimu huchagua kaya kwa sampuli, huzitembelea au kuzipigia simu, na kutoka kwenye majibu hayo hukadiria hali ya nchi nzima. Wengi hawataulizwa maisha yao yote, na hilo peke yake haliharibu hesabu. Kinachoibadilisha ni maswali yenyewe, na nani anaamuliwa kuwa ndani au nje.

Nigeria ni ushahidi mzuri kuliko wote. Mwishoni mwa mwaka 2020 ofisi yake ya takwimu ilitangaza asilimia 33.3. Mwanzoni mwa 2023 ikatangaza asilimia 4.1. Mtu aliyeona tarakimu hizo mbili bila maelezo angedhani nchi imepata muujiza wa kiuchumi. Kilichobadilika ni kipimo. Zamani, Mnigeria aliyefanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki alihesabiwa kuwa hana ajira. Kwa utaratibu mpya, unaofuata ule wa ILO, saa moja inatosha kumweka upande wa wenye kazi. Mchuuzi aliyeuza kwa saa tatu wiki nzima alilala bila ajira, akaamka ameajiriwa, na mfuko wake uko vilevile.

Sharti hilo la saa moja huwakera watu, na naelewa kwa nini. Lakini lina sababu. Wanatakwimu wanataka kila kazi iliyochangia pato la taifa ihesabiwe upande wa kazi, hata ikiwa ndogo, kisha uchache wa saa upimwe kwa kipimo chake chenyewe kinachoitwa ajira pungufu. Tatizo ni kwamba kipimo hicho cha pili hakifiki kwenye vichwa vya habari.

Rwanda ilipitia mabadiliko yaliyoelekea upande wa pili. Mwaka 2013 mkutano wa kimataifa wa wanatakwimu wa kazi ulikubaliana kwamba mtu anayelima hasa kwa ajili ya chakula cha nyumbani kwake anafanya kazi, lakini kazi hiyo si ajira, kwa kuwa ajira ni ile inayofanywa kwa malipo au faida. Rwanda ilipoanza kupima hivyo, wakulima wengi wa kujikimu wakatoka kwenye kundi la walioajiriwa, na baadhi yao, wale waliokuwa wakitafuta vibarua, wakaingia kwenye kundi la wasio na ajira. Kiwango kilichokuwa kidogo sana kwa kipimo cha zamani kikavuka asilimia 15. Nchi jirani inayotumia bado kipimo cha zamani itaonekana bora zaidi kwenye jedwali, ingawa wakulima wa pande zote mbili wanashika jembe la aina moja.

Nchi tajiri nazo zina pembe zao za kufichia watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Uholanzi ilikuwa na karibu watu 900,000 waliopokea mafao ya ulemavu wa kutoweza kufanya kazi, idadi kubwa mno kwa nchi ndogo yenye hospitali nzuri. Viwanda vilipopunguza watu, waajiri, vyama vya wafanyakazi na serikali walikuta njia hiyo ina amani kuliko kuwatangaza hawana kazi. Aliyeandikwa mlemavu hatafuti kazi, na asiyetafuta hahesabiwi. Marekani kwa upande wake huwaacha wafungwa nje ya utafiti wake wa ajira, na magereza yake yana karibu watu milioni mbili. China ilitangaza kwamba Juni 2023 vijana wa mijini wa miaka 16 hadi 24 wasio na kazi walifika asilimia 21.3, ikasimamisha kutoa takwimu hiyo, kisha ikairudisha kwa mwezi wa Desemba ikiwa imewaondoa wanafunzi. Ikawa asilimia 14.9. Kuwaondoa wanafunzi kunaweza kutetewa kitaalamu. Kuchagua kufanya hivyo wakati tarakimu imeanza kuaibisha ni habari nyingine.

Halafu kuna wanawake. Nchini Jordan, ni takriban mwanamke mmoja tu kati ya saba aliye kwenye nguvukazi. Sita waliobaki hawaongezi wala hawapunguzi kiwango cha ukosefu wa ajira, hata kama wengi wao wangependa kufanya kazi lau pangekuwa na usafiri salama, malezi ya watoto na waajiri wanaowataka.

Nani anamudu kukaa bila kazi

Tukirudi kwenye masharti matatu, linalowaacha maskini nje ya hesabu ni la kwanza. Kukaa mwezi mzima bila kufanya hata saa moja ya kipato, huku ukitafuta kazi inayokufaa, kunahitaji mtu wa kukulisha. Anaweza kuwa serikali kupitia bima ya ukosefu wa ajira, akiba yako, au mzazi mwenye mshahara. Asiye na yeyote kati ya hao hatafuti kazi kwa wiki nne. Kesho asubuhi anauza maji, anabeba mizigo, analima shamba la mwingine kwa ujira wa siku. Mtafiti akifika, anamwandika "ameajiriwa".

Ndivyo inavyokuwa kwamba nchi isiyo na mafao, yenye watu wengi wanaojitafutia riziki kwa mikono, huonyesha kiwango kidogo. Niger ni mfano wa ukingoni, na hata hivyo si Niger tu. Meksiko huwa na asilimia 3 hivi, pungufu ya nusu ya Ufaransa. Meksiko haina bima ya taifa ya ukosefu wa ajira, na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wake wako katika kazi zisizo rasmi, bila mkataba wala hifadhi ya jamii. Mfaransa aliyepoteza kazi anaweza kutafuta kwa miezi akiwa na chakula mezani. Mmeksiko anaanza kitu kingine wiki hiyohiyo.

Kwa sababu hiyohiyo, katika nchi kadhaa zenye kipato cha kati wasomi ndio wenye kiwango kikubwa zaidi kuliko wasiosoma. Misri na Tunisia zimeishi na hali hiyo kwa miongo. Mhitimu wa chuo kikuu ana familia iliyomsomesha, na familia hiyo inaweza kumvumilia asubiri nafasi ya serikalini yenye mshahara wa uhakika na pensheni. Aliyeishia shule ya msingi hana wa kumsubirisha. Watu huona takwimu hizo na kusema elimu haina faida. Haraka hiyo inawapotosha, kwa sababu mhitimu akishaipata kazi, kwa kawaida humzidi mwenzake kipato kwa maisha yake yote. Kungoja kwake ni sehemu ya bei.

Qatar, ambayo iko karibu na sifuri, ina sababu ya peke yake. Wengi mno wa wafanyakazi wake ni wageni, na kibali cha kuishi nchini kimefungwa na mwajiri. Mgeni aliyepoteza kazi asipopata nyingine ndani ya muda wa kisheria huondoka. Ukosefu wake wa ajira unahesabiwa Nepal, Bangladesh au Kenya.

Tofauti ambazo ni za kweli

Baada ya kuondoa vumbi lote la vipimo, bado kuna tofauti zinazobaki. Ndipo hoja ya uvivu huletwa mezani, na ndipo inapovunjika vibaya. Mwaka 2007 Hispania ilikuwa na kiwango cha asilimia 8 hivi. Mwaka 2013 kilifika 26. Watu ni walewale, utamaduni ni uleule, jua ni lilelile. Taifa zima haliwi vivu katika miaka sita.

Kilichotokea ni kwamba Hispania ilikuwa imejenga nyumba kupita kiasi kwa mikopo rahisi, kiasi kwamba takriban mfanyakazi mmoja kati ya wanane alikuwa kwenye ujenzi. Mikopo ilipokauka mwaka 2008, maeneo ya ujenzi yalifungwa, na fundi wa matofali hageuki kuwa mtaalamu wa kompyuta kwa mwaka mmoja. Zaidi ya hapo, karibu theluthi moja ya walioajiriwa walikuwa kwa mikataba ya muda. Kumwondoa mwenye mkataba wa kudumu kulikuwa ghali. Wa muda uliachwa tu umalizike. Biashara iliposhuka, kampuni zilikata pale palipokatika kirahisi, na vijana ndio waliokuwa wamesimama hapo.

Linganisha na Ujerumani mwaka 2009. Uchumi wake ulisinyaa kwa zaidi ya asilimia 5, kuliko hata ule wa Hispania mwaka huo, lakini ukosefu wa ajira haukusogea sana. Chini ya mpango unaoitwa Kurzarbeit, kiwanda kilichokosa oda hakikumfukuza mtu. Kilimpunguzia saa, na serikali ikafidia sehemu ya mshahara uliopotea. Takriban watu milioni moja na nusu walikuwa kwenye mpango huo katikati ya mwaka 2009. Oda ziliporudi, mafundi walikuwapo. Marekani, iliyoacha kampuni ziamue zenyewe, ilifikia asilimia 10 Oktoba mwaka huo ingawa uchumi wake ulisinyaa kidogo kuliko wa Ujerumani. Hata hivyo uhuru huo wa kufukuza una upande wake wa pili: mwajiri anayejua anaweza kupunguza watu kirahisi haogopi kuajiri, na baadaye Marekani ilishuka hadi asilimia 4 na chini yake.

Nisimpambe Mjerumani kupita kiasi. Mwaka 2005 nchi hiyohiyo ilikuwa juu ya asilimia 11 na magazeti yaliiita mgonjwa wa Ulaya. Serikali ilibana mafao ya wasio na kazi na kufungua milango ya kazi za muda mfupi zenye ujira mdogo. Kiwango kilishuka. Wachumi hadi leo wanabishana ni kwa kiasi gani sifa ni ya mageuzi hayo na kwa kiasi gani ni ya vyama vya wafanyakazi vilivyokubali mishahara isipande, lakini hakuna anayekana kwamba sehemu ya nafuu ililipiwa na watu wanaofanya kazi na bado wanahangaika. Kinachodumu zaidi Ujerumani, kwa maoni yangu, ni uanagenzi. Kijana hugawa wiki yake kati ya kiwanda na chuo, na anapohitimu tayari kuna mwajiri anayemjua kwa jina. Pengo kati ya shule na kazi, ambalo kwingine humeza miaka ya ujana, linakuwa dogo.

Japani ina maelezo tofauti kabisa. Idadi ya watu wake wa umri wa kufanya kazi imekuwa ikipungua tangu katikati ya miaka ya 1990, na waajiri wanagombania vijana wachache. Asilimia 2.5 hivi ya Japani inatokana kwa sehemu na watoto ambao hawakuzaliwa.

Afrika Kusini inahitaji kutazamwa kwa utulivu, maana ndiyo inayosemwa vibaya zaidi. Kwa zaidi ya miaka 20 kiwango chake rasmi hakijashuka chini ya asilimia 20, na ukiwaongeza waliokata tamaa kinavuka 40. Mizizi yake ni ya makusudi. Sheria ya mwaka 1950 ya kugawa makazi kwa rangi iliwasukuma watu weusi mbali na mahali kazi zilipo. Ile ya elimu ya mwaka 1953 iliwatengenezea shule za kuwaandaa kwa kazi za chini. Biashara zao ndogo zilibanwa kwa vibali na marufuku. Uchumi uliowahitaji kama mikono tu migodini na mashambani ulipogeuka na kuhitaji ujuzi, mikono hiyo ikaachwa. Migodi ya dhahabu, iliyoajiri zaidi ya watu 500,000 katikati ya miaka ya 1980, leo haiajiri hata robo ya hao.

Swali linalofuata ni kwa nini basi hawajiajiri kama kwingineko Afrika, ambako zaidi ya asilimia 80 ya wafanyakazi wako kwenye kazi zisizo rasmi. Nchini Afrika Kusini ni chini ya wawili kati ya watano. Mtu wa kitongoji cha pembezoni analipa sehemu kubwa ya kipato chake kwa usafiri kabla hajauza kitu. Minyororo ya maduka makubwa imefika hadi vitongojini na kuuza kwa bei asizoziweza mchuuzi. Mashamba ya kurudia hayapo, kwa sababu ardhi ilichukuliwa vizazi vilivyopita. Na familia nyingi huendeshwa na ruzuku ya watoto au pensheni ya bibi: fedha ndogo isiyotosha kuanzisha chochote, ila inatosha mtu asife njaa akitafuta. Kwa hiyo Mwafrika Kusini anaonekana kwenye hesabu, wakati mwenzake wa Niger mwenye dhiki kubwa zaidi haonekani.

Wengine huwatwisha wageni lawama. Dhana iliyo chini yake ni kwamba nchi ina idadi maalumu ya kazi, na kila mgeni anapochukua moja mwenyeji anakosa. Mwaka 1980 Cuba ilifungua bandari ya Mariel, na takriban watu 125,000 wakavuka kwenda Marekani. Nguvukazi ya Miami iliongezeka kwa asilimia 7 ndani ya miezi michache. Mchumi David Card alipochunguza, hakuona athari kubwa kwa mishahara wala ajira za wenyeji, kwa kuwa wageni nao wanapanga nyumba, wananunua, wanafungua biashara. Mwenzake George Borjas alimpinga baadaye, akidai wanaume wasiomaliza sekondari walipunjika mishahara. Mjadala haujafungwa, lakini hata Borjas alikuwa akizungumzia kundi dogo, umbali mrefu kutoka dai la mitaani kwamba wageni ndio chanzo cha kila anayekosa kazi.

Mashine nazo hutajwa. Korea Kusini ina roboti nyingi viwandani kwa kila wafanyakazi 10,000 kuliko nchi nyingine yoyote, na ukosefu wa ajira wake uko karibu na asilimia 3. Mashine huwatoa watu kwenye kazi fulani, na maumivu yake ni ya kweli kwa aliyetolewa. Ila haziwezi kueleza kwa nini nchi zisizo na roboti kabisa zina vijana wengi wanaozurura.

Kwa anayetaka kulinganisha nchi bila kudanganyika, kiwango cha ukosefu wa ajira kisomwe pamoja na tarakimu nyingine mbili ambazo ILO na ofisi nyingi za takwimu huzitoa. Ya kwanza ni sehemu ya watu wazima wote wenye kazi, ambayo haibadiliki mtu anapokata tamaa na inawafichua wanawake walioachwa nje. Ya pili ni ya wafanyakazi walio kwenye kazi zisizo rasmi, au wenye kazi lakini bado wako chini ya mstari wa umaskini. Na kabla ya kulinganisha miaka ya nchi moja, angalia kwanza kama ufafanuzi haukubadilishwa katikati.